Tao la Nyuma, Upande wa Kushoto

Jumapili ile ya Januari, ukumbi wa mnada wa ng'ombe nje ya Aberdeen ulifurika watu utadhani kuna kitu kinagawiwa bure. Ng'ombe hawakuwapo. Ilikuwa siku ya vipuri vikuukuu: taa zilizopasuka, milango isiyo na magari, magurudumu yaliyofungwa kamba, na wanaume wa kila umri wakipapasa vyuma kwa upole ambao wake zao hawajawahi kuuonja. Harufu ya nyama ya nguruwe ya kukaanga ilitoka kwenye kibanda cha mlangoni, ikachanganyika na ya grisi.

Kwenye meza ya tatu, mikono miwili iliangukia kipande kimoja cha bati kwa wakati mmoja.

"Samahani, kaka. Hiki nimekiona mimi kwanza."

"Umekiona. Mimi nimekishika."

"Na mimi nimekishika."

"Basi tukipasue katikati, kila mtu aende na nusu yake."

Rhona Laidlaw alicheka bila kutaka. Alikuwa amevaa kofia ya sufu ya manjano, koti refu la buluu na viatu vizito vilivyoganda chumvi ya barabarani. Alikuwa mkunga, mwenye miaka thelathini na mmoja, tena mbishi. Mwanaume aliyeshika upande wa pili alikuwa mrefu, ndevu zake nyekundu zimechongwa vizuri, na mikono ya sweta lake la kijivu ilikuwa imevutwa mpaka kwenye vidole.

"Unajua hata ni kitu gani?" aliuliza mwanaume.

"Tao la tairi. Hili bati linalopinda juu ya gurudumu. Langu limeliwa na kutu mpaka naona barabara nikiwa nimekaa ndani. Nyuma, kushoto."

"Ukilishika hivyo ni la kulia." Akaligeuza polepole mikononi mwake. "Sasa ni la kushoto. Gari gani?"

"La baba yangu. Lile kubwa la kupandia milima, la mwaka tisini na nne. Amenipa mimi kwa sababu macho yake yamechoka."

"Na nani atakuchomelea?"

"Nitatafuta fundi."

"Umeshampata."

Alilisema hilo haraka, na papo hapo uso wake ukabadilika, akawa kama mtu aliyesikia sauti ya mwingine ikimsemea. Rhona aliona. Alidhani ni haya, akampenda kwa hilo. Laiti angejua kwamba Innes Tulloch hakuwa amewasha mashine ya kuchomelea kwa miaka mitatu, na kwamba aliiogopa kama watu wengine wanavyoogopa nyoka.

Mapenzi yao yalianzia chini ya gari. Gereji ya Innes ilikuwa karibu na bandari, chumba kimoja kirefu chenye jiko la mafuta na redio mbovu. Kila jioni Rhona alipotoka kazini alipitia pale na chai kwenye chupa, akakaa juu ya tairi na kumtazama akikwangua rangi, akikata bati lililooza, akipuliza vumbi jekundu. Siku ambazo hakuja, alipiga simu.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Kutu imefika kwenye mbavu, Dokta."

"Mimi si dokta, mimi mkunga."

"Basi ujue mtoto amekaa vibaya."

"Na fundi?"

"Fundi hali. Fundi halali. Fundi anamngoja mtu mwenye kofia ya manjano."

"Muongo wewe! Kula kwanza, kipenzi, ndiyo uniongopee."

Gari lile halikuwa la anasa kwa Rhona. Akina mama aliowahudumia waliishi mashambani, juu kwenye vilima ambako basi haliendi na theluji haiulizi mtu. Hati ya ukaguzi wa mwaka ilikuwa inaisha siku ya mwisho ya Februari. Tao lile halikuwa urembo, kwa sababu juu yake ndipo ilipo nguzo inayoshikilia mkanda wa abiria wa nyuma. Bati la hapo likioza, mkaguzi hakupitishi, naye ana haki.

Wiki ya tatu Rhona alimpeleka Innes kwa baba yake. Mzee Wattie Laidlaw alikuwa dereva wa basi mstaafu, mfupi, mwenye kifua mbele, aliyejivunia vitu viwili duniani: binti yake, na kwamba hajawahi kumlipa fundi. Aliwapakulia nyama ya kusaga na viazi, akamtazama mgeni akila.

"Mzee Laidlaw," alisema Innes, "naomba kuuliza. Ile sehemu ya nyuma kuna mtu aliwahi kuiziba. Nimekuta puti nje, nene kama keki. Kuna kitu kingine kilichowekwa kule juu, ndani ya nguzo?"

"Niliziba mwenyewe, miaka kumi na moja iliyopita. Bati na riveti, na puti kidogo ya kulainisha. Kazi safi."

"Kwa hiyo ndani hakuna kitu?"

"Kijana, nimekwambia bati na riveti. Ongeza viazi."

Mzee alisema uongo. Alisema hivyo kwa sababu mbele ya binti yake na mwanaume mgeni hakutaka kuonekana fundi wa ovyo, na baada ya kusema aliona kimekuwa kitu kidogo kisichostahili kurudiwa. Uongo mwingi wa wazee wa kule ni wa namna hiyo. Wana gereji nyuma ya nyumba, bomba la puti, na siri moja au mbili ndani ya kila gari.

Siku ya kuchomelea ilipangwa Jumatatu. Jumatatu Innes akasema gesi imekwisha. Alhamisi akasema waya wa mashine una hitilafu. Jumatatu iliyofuata akasema mvua.

"Mvua?" Rhona alikuwa ndani ya gari la kuazima, simu sikioni. "Innes, gereji yako ina paa."

"Unyevunyevu si mzuri."

"Hapa ni Aberdeen! Ukingoja unyevunyevu uishe utachomelea mbinguni."

"Wiki ijayo, mpenzi. Nakuahidi."

"Kuna mwanamke mwingine?"

Innes alicheka kicheko kikavu kisicho na furaha. Rhona alikata simu, maana jambo lililofichwa lina harufu yake na yeye alikuwa ameshainusa.

Jibu alilipata kwa baba yake, ambaye alikuwa ameulizauliza mjini.

"Unajua huyo bwana wako alimuunguza mtu?"

"Baba, acha."

"Miaka mitatu iliyopita. Alikuwa anachomelea gari, rafiki yake yuko ndani. Gari likashika moto, yule rafiki akatoka mikono imeungua. Mji mzima unajua, isipokuwa wewe. Na unajua nani angekaa ndani safari hii? Nani kila siku yuko pale na chupa ya chai?"

Rhona alijua desturi ya kazi ile, Innes alishamweleza. Fundi wa kuchomelea akiwa nje, macho yamefunikwa na barakoa nyeusi, haoni kitu isipokuwa ncha ya moto wake. Kwa hiyo lazima mtu mwingine akae ndani ya gari, upande wa pili wa bati, na chupa ya maji ya kupulizia na kitambaa kibichi, atazame kama kuna kinachoungua. Akiona moshi, anagonga bati mara mbili, na fundi anaacha papo hapo. Wanamwita mlinzi wa moto. Innes alipomweleza hakumwambia kwamba mlinzi wake wa mwisho aliungua.

Rhona alikwenda gereji na kofia mkononi, nywele zimelowa.

"Kwa nini hukuniambia habari za rafiki yako?"

Innes alikuwa anapiga msasa. Mkono wake ulisimama. Sweta lilikuwa limekunjwa kwa kazi, na kwa mara ya kwanza Rhona aliyaona makovu yaliyozunguka vifundo vya mikono yake, ngozi iliyong'aa na kukunjamana.

"Ungelikaa mbali," alisema.

"Kwa hiyo ukaamua kunidanganya kuhusu gesi na mvua?"

"Nimeamka mara tatu nikasema leo. Nikishika ile bunduki ya kuchomelea, namsikia akipiga kelele." Hakumtazama. "Lipeleke gari kwa mtu mwingine, Rhona."

"Unanifukuza?"

"Nakwambia ulipeleke gari."

"Mimi na gari tumekuja pamoja, Innes. Ukilifukuza gari, umenifukuza na mimi."

Alingoja aseme hapana. Innes alirudia kupiga msasa. Kuna wanaume ambao woga ukiwashika huwa mabubu, na mwanamke anaachwa asome ukimya wao kama barua. Rhona aliisoma vibaya. Alisoma kwamba hatakiwi.

Siku kumi zilipita bila simu. Gari lilivutwa mpaka gereji nyingine, ambako fundi mwenye tumbo alilizunguka mara moja akasema kwamba kwa maoni yake linafaa kwenda kusagwa, ama sivyo alijaze puti, alipake rangi nyeusi, na mkaguzi hatajua.

"Na mkanda wa nyuma utashika?"

"Utashika mpaka siku ya kushika," alisema yule fundi akacheka. Rhona aliwaza kumbeba mama mwenye uchungu kwenye kiti kile, barabara ya barafu, mteremko. Usiku wa woga si lazima uwe usiku. Ule wake ulikuwa mchana kweupe, amesimama kwenye gereji ya watu.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kumtafuta aliyeungua.

Dod Milne aliuza mikate kwenye dirisha la duka la mwokaji karibu na stesheni. Alikuwa mnene, mchangamfu, vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki.

"Mikate ya rowie mingapi, dada?"

"Miwili. Na swali moja. Mimi ni Rhona, wa Innes Tulloch. Au nilikuwa wake."

Dod aliweka koleo la mikate chini.

"Bado hajachomelea?"

"Hachomelei. Kwa sababu alikuunguza."

"Aliniunguza?" Dod alitazama foleni nyuma yake, akainama dirishani. "Sikiliza. Nilikuwa nimetoka zamu. Nilikaa ndani ya lile gari kumlindia moto, na nikalala. Nililala fofofo, dada, chupa ya maji mkononi. Kiti kikashika moto, mimi nakoroma. Yeye ndiye aliyevunja kioo akaingiza mikono akanivuta. Nimemwambia mara mia. Hanisikii. Mtu akitaka kubeba lawama huwezi kumpokonya."

"Kwa nini hakusema?"

"Asemeje? Akisema nililala, atakuwa amenisema mimi. Chukua mikate yako, huu wa tatu ni wa kwake. Mwambie amekonda."

Rhona alipiga simu akiwa bado barabarani, mkate wa moto ukimchoma kwapani ndani ya mfuko.

"Jumamosi, saa nne asubuhi. Gari linarudi kwako."

"Rhona..."

"Mlinzi wa moto ni mimi. Nilikesha jana kwa mzazi, lakini leo na kesho nitalala kwa muda wa saa kumi kila usiku, kwa hiyo usiniletee habari za usingizi."

"Umekwenda kwa Dod."

"Nimekwenda. Anasema umekonda."

"Siwezi kukuweka mle ndani. Muulize mtu mwingine yeyote, mimi siwezi kukuweka wewe."

"Hujaniweka. Nakaa mwenyewe. Innes, wewe unaniogopea au unanikimbia? Nijibu moja tu."

"Nakuogopea," alisema, sauti imepasuka. "Mpaka nashindwa kula."

"Basi nimekusamehe gesi. Mvua bado."

Jumamosi gereji ilikuwa na baridi kali na mlango wazi. Innes alifanya kila kitu ambacho fundi makini anafanya, kisha akakirudia. Alifungua betri akaitoa nje. Alitoa kiti cha nyuma, kapeti, sponji, plastiki za pembeni, mpaka ndani ya gari pakabaki bati tupu. Alimulika nguzo kwa tochi kutoka chini, akaona rangi nyeusi ya kuzuia kutu imeganda juu kabisa kama kifuniko, akaigonga kwa bisibisi, ikalia ngumu. Alikumbuka kauli ya mzee, bati na riveti, akaiamini.

Rhona alikaa juu ya kreti la mbao ndani ya gari, amevaa ovaroli ya Innes iliyokunjwa mara tatu miguuni, miwani ya giza usoni. Chupa mbili za maji, kitambaa kibichi, koleo, mtungi wa kuzimia moto kati ya magoti.

"Ukiona chochote?" aliuliza Innes kutoka nje.

"Nagonga mara mbili."

"Ukinusa chochote?"

"Nagonga mara mbili. Mpenzi, umeniuliza mara tano."

"Ya sita, basi."

"Nagonga mara mbili! Anza kabla sijazeeka."

Mwanga wa buluu ulilipuka upande wa pili wa bati. Rhona alishtuka mwili mzima. Sauti ilikuwa ya mafuta yakikaangiza, na mstari wa bati mbele ya uso wake uligeuka mwekundu, ukafifia. Innes aliacha. "Uko salama?" "Niko salama." Akachoma inchi nyingine. "Uko salama?" "Niko salama." Waliendelea hivyo karibu saa nzima, inchi kwa inchi, tao jipya likishikamana na gari. Kiganja cha Rhona kilichoshika chupa kilikuwa kimelowa jasho katika baridi ile. Alitamani kutoka. Kila mwanga ulipowaka aliona kiti kinachoungua na mtu aliyelala.

Simu yake ilitetemeka mfukoni. Aliichungulia kwa sekunde: Baba. Aliirudisha. Ikatetemeka tena, na tena. Aliapa kutoondoa macho tena kwenye bati, na hakuyaondoa.

Innes alikuwa amefika juu, kwenye nguzo, zimebaki inchi mbili chini ya tundu la bolti ya mkanda, Rhona aliponusa karatasi.

Haikuwa harufu ya rangi wala ya chuma. Ilikuwa karatasi inayoungua. Kisha moshi mwembamba ukatoka kwenye tundu la bolti, mweupe, halafu wa manjano. Aligonga mara mbili, akagonga tena, akaendelea kugonga.

Mwanga ulizimika. Mlango ulifunguliwa kwa nguvu na Innes akaingiza mikono yote miwili, barakoa imerushwa, uso hauna damu.

"Toka! Rhona, toka!"

"Subiri."

"Toka nakwambia!" Alimshika mabega.

"Niachie! Niko macho, Innes, nitazame, niko macho!"

Alipachika mdomo wa chupa kwenye tundu akafinya mpaka maji yote yakaisha. Moshi ukawa mzito. Ndani ya nguzo paliwaka kitu, ulimi mdogo wa moto ukachungulia tunduni. Rhona alitia koleo, akashika kitu laini, akavuta. Likatoka gazeti lililosokotwa, jeusi pembeni, likiwaka, na nyuma yake jingine, na waya wa banda la kuku. Aliyatupa sakafuni akayafunika kwa kitambaa kibichi akayakanyaga. Innes, ambaye mikono yake ilikuwa imegoma kumwachia mabega, hatimaye alimwachia, akachukua chupa ya pili na kuimimina yote ndani ya nguzo. Wakasikiliza. Maji yalidondoka chini. Hakuna kilichoendelea kuungua.

Simu ilitetemeka tena. Rhona aliipokea akitweta.

"Tokeni humo!" Mzee Wattie alikuwa analia. "Binti yangu, tokeni! Nilijaza magazeti mle juu, nilijaza magazeti na waya nikapaka puti. Nimepiga, nimepiga! Nilimdanganya kijana wa watu mezani kwangu, nimeshindwa kumeza chai tangu asubuhi..."

"Tumeshayaona, baba."

"Umeungua?"

"Hapana. Kaa chini unywe hiyo chai. Nitakugombeza baadaye, na nitakugombeza sana."

Innes alikuwa ameketi kwenye saruji, mgongo kwenye gurudumu, mikono ikitetemeka mapajani kama ya mtu mwenye homa. Rhona alikaa kando yake.

"Unaona?" alisema Innes. "Nilikagua kila kitu. Kila kitu, na bado."

"Naona. Niligonga, ukaacha. Nilivuta, ukamwaga maji. Hakuna aliyeungua."

"Nilikuwa na jambo la kukuuliza leo tukimaliza. Nimeliandaa wiki nzima." Alifuta uso kwa kifundo chenye kovu. "Sasa siwezi. Mwanaume gani huyu, anayetetemeka hivi."

"Jambo gani?"

"Unalijua."

Rhona alilijua. Alihisi machozi yakimpanda, akayaacha yapande, akasimama. Aliziokota chupa akazijaza kwenye bomba, akalowesha kitambaa upya. Alichungulia ndani ya nguzo kwa tochi mpaka akaridhika, kisha akamkabidhi Innes tochi naye achungulie. Palikuwa patupu. Halafu akapanda ndani ya gari, akakaa juu ya kreti na kushusha miwani ya giza.

"Unafanya nini?" aliuliza Innes.

"Zimebaki inchi mbili."

"Rhona, tafadhali. Huogopi?"

"Naogopa mpaka meno yanagongana. Wewe?"

"Sana."

"Basi maliza, halafu uniulize hilo jambo lako. Siwezi kuulizwa kitu kama hicho na mtu aliyeacha kazi katikati."

Innes alisimama. Aliokota barakoa kutoka sakafuni, akaifuta maji kwa mkono wa sweta, na mikono yake bado ilikuwa inatetemeka alipoishika bunduki ya kuchomelea na kuisogeza kwenye nguzo, upande wa pili wa uso wa mwanamke yule.

"Uko salama?" aliita.

"Niko hapa," alijibu Rhona. "Washa."